Mtoto Aliyegeuka Kutazama Nyuma

Buganda, alasiri ni wakati wa wageni. Kazi ya shamba imekwisha tangu asubuhi, matoke yameliwa, mkeka umetandikwa sebuleni, na mwenye nyumba yuko tayari kupokea salamu na kuzirudisha bila haraka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1954 katika vijiji vya kuzunguka Kampala, na ndiyo maana wanawake wawili waliokuwa wakija kila baada ya wiki mbili waliichagua saa hiyo. Mmoja alikuwa Katie Kibuka, mkalimani. Wa pili alikuwa mzungu wa miaka arobaini, Mary Ainsworth. Walikaa saa mbili wakiuliza habari za mtoto: anakula nini, analala na nani, nani humbeba mama akiwa shambani, analia wakati gani, akilia hunyamazishwa vipi. Mama alijibu, Katie akafasiri, Mary akaandika. Lakini sikio lake likiwa kwa mama, macho yake yalikuwa kwa mtoto.

Mtoto alitambaa kutoka mapajani mwa mama. Alikwenda hatua mbili tatu, akasimama, akageuka kutazama nyuma. Mama yuko pale pale. Akaendelea mpaka kwenye viatu vya mgeni, akavishika, akageuka tena. Mama alipoinuka kwenda uani, mtoto aliacha viatu na kumfuata akilia. Mama aliporudi, mtoto alichangamka na kupiga makofi. Kisha akaenda zake kuchunguza jambo jingine.

Kila aliyelea ameyaona haya mara elfu. Bibi yangu angecheka kusikia kwamba kuna mtu alilipiwa safari ayaandike. Hata hivyo, wataalamu waliokuwa wamekaa nyumbani kwa watu, wiki baada ya wiki, wakaandika ni lini hasa mtoto huanza kumfuata mama na si mtu mwingine, ni lini huanza kugeuka kutazama, na ni watoto gani hawageuki, walikuwa wachache mno. Kutoka kwenye madaftari ya vijiji vile ilitoka sehemu kubwa ya kile ambacho leo vyuo vya dunia nzima hukiita nadharia ya uambatano, yaani jinsi mtoto mchanga anavyojifunga na mtu anayemlea, na jinsi fungo hilo linavyomjenga.

Niliposomea ualimu nilifundishwa nadharia hiyo kama jambo la London na Marekani. Tulikariri majina, tukachora majedwali, tukafanya mtihani. Kampala haikutajwa hata mara moja. Miaka mingi baadaye nilipokuja kujua kwamba mambo haya yalichunguzwa kwanza kwenye mikeka ya Waganda, nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na tangu hapo nimekuwa nikitaka kuisimulia historia hii kwa Kiswahili.

Inafaa kuanzia mbali kidogo, Marekani ya mwaka 1928. Mwaka huo John B. Watson alichapisha kitabu cha malezi kilichosomwa na wazazi wengi sana. Watson alikuwa ameshakuwa mwanasaikolojia mwenye jina kubwa, profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore mpaka mwaka 1920. Aliwaonya wazazi wasiwakumbatie watoto wala kuwabusu. Asubuhi, alisema, wapeni mkono. Kwake yeye, mapenzi mengi ya mama ni hatari, na mtoto anayeinuliwa kila anapolia anafundishwa kulia. Wakati huohuo mafundisho ya Truby King, daktari wa New Zealand, yalikuwa yameenea katika himaya ya Uingereza: mtoto anyonyeshwe kwa saa ya ukutani, kila baada ya saa nne, na usiku aachwe.

Wafuasi wa Freud walikuwa na lugha tofauti kabisa, lakini kwenye jambo moja walikaa upande mmoja na watu wa Watson. Wote waliamini kuwa mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye mwenye maziwa. Njaa huja kwanza, shibe huifuata, na uso unaoonekana kila shibe inapokuja huishia kupendwa. Upendo, kwa hesabu hiyo, ni deni la tumbo.

Mary alilelewa ndani ya imani hiyo. Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 Glendale, Ohio, akakulia Toronto, Kanada. Akiwa na miaka kumi na mitano alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall kuhusu tabia ya mtu, akashangaa kugundua kwamba mtu anaweza kujitazama ndani na kutafuta sababu za anayoyahisi, badala ya kuzitafuta nje tu. Akaamua papo hapo kazi atakayofanya. Katika Chuo Kikuu cha Toronto alifundishwa na William Blatz, aliyekuwa na wazo moja ambalo lilimkaa Mary moyoni maisha yote: mtoto anahitaji kwanza kujihisi salama kwa wazazi wake ndipo athubutu kwenda kwenye mambo mageni. Usalama wa nyumbani haumfungi mtoto. Ndio unaomtuma nje. Mary aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya wazo hilo, akaimaliza mwaka 1939. Vita ilipopamba moto aliingia jeshi la wanawake la Kanada, na mpaka 1945 alikuwa amefika cheo cha meja.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London ili mume amalize masomo yake. Mary hakuwa na kazi. Akaona tangazo gazetini: daktari mmoja katika kliniki ya Tavistock anatafuta msaidizi wa utafiti kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao. Daktari huyo aliitwa John Bowlby.

Bowlby alizaliwa 1907 katika nyumba ya kitajiri ya London, mtoto wa daktari mpasuaji mashuhuri. Katika nyumba za aina ile watoto walilelewa ghorofa ya juu na yaya, na mama waliletewa baada ya chai, kwa muda wa saa moja hivi. Yaya wake aliyempenda aliacha kazi John akiwa na miaka karibu minne. Alipokuwa mzee alilizungumzia jambo hilo kama mtu anayezungumzia msiba. Sidhani kwamba maisha yote ya kazi ya mtu hutoka kwenye jeraha moja, lakini hili siwezi kulipita bila kulitaja. Mwaka 1944 alichapisha uchunguzi wa vijana 44 wezi, akaonyesha kwamba wale waliokuwa wagumu na wasiojali mtu, wengi wao walikuwa wametengwa na mama kwa muda mrefu utotoni. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliopoteza makwao katika vita, akasema mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa joto, wa karibu na usiokatika na mama yake, au na mtu mmoja wa kudumu aliyeshika nafasi ya mama.

Ofisini kwa Bowlby alikuwepo James Robertson. Huyu alikuwa ameanza kazi za watoto kwa kuwasha tanuri na kutengeneza vitu vilivyoharibika katika kituo cha Anna Freud cha watoto wa vita. Kwa kuwa Anna Freud aliwataka wafanyakazi wote, hata wa tanuri, waandike wanachokiona kwa watoto, Robertson alijifunza kutazama. Baadaye alizunguka wodi za watoto. Siku zile hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao mara chache sana, mara nyingine saa chache tu kwa wiki, na wauguzi walisema kwa nia njema kwamba mtoto akiachwa hutulia. Robertson aliona hatua tatu: kwanza mtoto hulia na kupinga, halafu hukata tamaa, halafu hunyamaza na kuonekana amezoea. Huko kuzoea ndiko kulikomtisha. Mama anapofika, mtoto aliyezoea humtazama kama mtu asiyemjua.

Mwaka 1952 alitengeneza filamu kwa kamera ndogo aliyoishika mwenyewe. Alimfuata mtoto wa kike wa miaka miwili na miezi mitano, siku nane hospitalini kwa upasuaji mdogo wa kitovu. Mtoto huyo alijikaza sana, na kule kujikaza kwake ndiko kunakomuumiza mtazamaji. Madaktari walioonyeshwa filamu hiyo walikasirika, wengine wakadai Robertson amechagua mtoto asiye wa kawaida. Ilichukua miaka kadhaa milango ya wodi ianze kufunguliwa. Mary aliyesoma maandishi ya Robertson alijiwekea nadhiri: siku nikipata utafiti wangu mwenyewe, nitafanya hivi, nitakwenda waliko watu na kutazama.

Siku hiyo ilifika mapema, na kwa njia ambayo hakuichagua. Leonard alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Mwanzoni mwa 1954 wakashuka Uganda.

Nchi ilikuwa kwenye huzuni na hasira. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alikuwa amemkamata Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka uhamishoni Uingereza. Buganda nzima ilikuwa ikidai mfalme wake arudishwe, na hakurudi mpaka Oktoba 1955. Kipindi cha Mary Uganda kilikaa karibu chote ndani ya pengo hilo. Hebu fikiria: mzungu anabisha hodi kijijini, wakati ambao wazungu wamemchukua Kabaka, anaomba kuja kumtazama mtoto wa watu kila baada ya wiki mbili. Kwamba milango ilifunguliwa ni sifa ya adabu ya Waganda ya kupokea wageni, na kwa sehemu kubwa, naamini, ni kazi ya Katie Kibuka, ambaye vitabu vingi vya saikolojia havimtaji. Mkurugenzi wa taasisi, mwanaanthropolojia Audrey Richards, alitafuta fedha kidogo za kuanzia. Mary naye alizipa familia vitu vya kusaidia: usafiri wa kwenda kliniki ya watoto, na maziwa ya unga kwa bei ya kununulia.

Maziwa yale hayakuwa zawadi ya hivihivi. Unyafuzi ulikuwa ukiua watoto Buganda, na hospitali ya Mulago ilikuwa mojawapo ya mahali ugonjwa huo ulipochunguzwa kwa bidii zaidi duniani. Jina lake la kitabibu, kwashiorkor, lilitoka kwa Waga wa Gold Coast, Ghana ya leo, ambako Dakta Cicely Williams alilisikia miaka ya 1930: ni ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Kwetu Tanzania wazazi huzungumzia kubemenda, na ingawa maelezo yake ni mengine, hofu inatoka palepale, kwa mtoto aliyepokonywa nafasi yake kabla ya wakati. Mtoto anayeachishwa ziwa na kupewa uji wa wanga mtupu hupungukiwa protini, mwili huvimba, nywele hubadilika rangi, uso hupoteza furaha. Mary alitaka kujua upande mwingine wa jambo hilohilo. Alikuwa amesikia kwamba kwa desturi mtoto wa Kiganda akilikizwa hupelekwa kwa bibi kwa siku kadhaa ili alisahau ziwa. Basi hapa, alifikiri, nitaona kwa macho yangu kutengana na mama kunamfanya nini mtoto.

Alikusanya familia 26 zenye watoto 28 ambao bado walikuwa wakinyonya, mdogo kabisa akiwa na mwezi mmoja na mkubwa akiwa na miezi 24. Mpango wake wa kwanza ulivunjika karibu mara moja, kwa sababu waliokuwa bado wanaifuata desturi hiyo ya kuwapeleka watoto hawakuwa wengi. Mtu mwingine angefunga mizigo. Mary aliendelea kwenda, safari baada ya safari, kwa muda uliofika miezi tisa.

Kabla hajaondoka London, Bowlby alikuwa ameanza kusoma wataalamu wa wanyama. Konrad Lorenz alikuwa ameonyesha kuwa kifaranga wa bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza anayemwona akisogea, hata kama kiumbe huyo hamlishi chochote. Bowlby akauliza: je, kama mtoto wa binadamu naye hamfuati mama kwa ajili ya maziwa? Mary aliingiwa na hofu. Alimpenda mkuu wake wa kazi na aliona kwamba wazo hilo litamharibia jina. Kwake ilikuwa wazi kama mchana kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa mama hukidhi haja zake.

Mikeka ya Buganda ilimbadilisha, tena upesi. Watoto wale hawakuwa wapokeaji waliolala wakisubiri kujazwa. Wao ndio waliokuwa wakitenda. Walitabasamu kwa mama kwa namna ambayo hawakutabasamu kwa mwingine. Mikononi mwa jirani walilia, wakirudishwa kwa mama walinyamaza. Walimfuata kwa macho kabla hawajaweza kutambaa, na walipoweza kutambaa wakamfuata kwa mwili. Walipanda mapajani mwake, wakazika nyuso zao hapo, wakashuka tena. Na walimtumia mama kama bandari: chombo hutia nanga, hupakia, hung'oa nanga na kwenda zake, nahodha akijua gati liko wapi. Lile wazo la Blatz alilolisoma Toronto lilikuwa likitambaa mbele yake. Mary aliorodhesha matendo hayo moja moja na umri yalipoanzia. Akaona pia kwamba watoto kadhaa walijifunga na baba, bibi au mtu mwingine wa nyumbani ambaye hakuwa na tone la maziwa.

Kisha akaona tofauti, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Watoto 16 kati ya 28 walikuwa watulivu kwa mama; walilia kidogo na kuchunguza mazingira alipokuwepo. Watoto 7 walilia mara kwa mara, hata wakiwa mikononi mwa mama. Watoto 5 walikuwa bado hawaonyeshi kumpambanua mama na watu wengine. Kwa nini? Alijaribu maelezo ya kawaida yote. Kama ni idadi ya walezi, nyumba zenye mikono mingi zilikuwa na watoto salama kama nyingine. Mengi ya yale ambayo mtaalamu wa London angeyataja kwanza hayakufafanua kitu.

Jibu lilikuwa kwenye mazungumzo. Wapo akina mama ambao ukiwauliza habari za mtoto husimulia wenyewe, bila kusukumwa: huyu hapendi kubebwa hivi, akisikia sauti ya baba yake hufanya hivi, kilio cha njaa ni tofauti na cha usingizi, juzi alianza jambo hili. Na wapo waliojibu kwa neno moja, au wakahamia kwenye habari za watu wengine. Watoto wa wale wa kwanza ndio waliokuwa salama. Mama aliyemjua mtoto wake kwa undani alikuwa pia ndiye aliyemwona anapoita na kumjibu kwa wakati. Waliofurahia kunyonyesha pia walikuwa na watoto salama zaidi, na hapo kipimo kilikuwa furaha ya mama mwenyewe. Baadaye jambo hili lingepewa jina la kitaalamu, wepesi wa mama wa kusoma ishara za mtoto, na lingepimwa kwa mizani yenye tarakimu. Lakini lilionekana kwanza kwa sababu wanawake wa Kiganda walikaa alasiri wakasimulia habari za watoto wao kwa ufasaha. Walikuwa mashahidi, na kwa haki walikuwa walimu.

Mwisho wa 1955 akina Ainsworth waliondoka kwenda Baltimore, na Mary akapata nafasi katika Johns Hopkins, chuo kilekile cha Watson. Madaftari yalikaa kwenye masanduku muda mrefu. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960, akapitia miaka migumu. Katika miaka hiyohiyo, Wisconsin, mwanasaikolojia Harry Harlow aliwatenga watoto wa nyani na mama zao na kuwapa wanasesere wawili, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa na mwingine wa kitambaa laini asiye na kitu. Nyani wachanga walikimbilia waya kunyonya na kurudi kitambaani kukaa. Matokeo hayo, aliyoyatangaza 1958, yaliitikisa imani ya maziwa, ingawa mateso ya wanyama wale hayasomeki bila moyo kuuma. Waganda 28 walikuwa wameshasema jambo hilohilo bila mtu kumtesa yeyote.

Mwaka 1960 Bowlby alipita Baltimore. Mary alimsimulia ya Uganda, na urafiki wao wa kazi ukafufuka kwa nguvu mpya. Bowlby alikuwa na nadharia na bata bukini. Mary alikuwa na watoto wa watu, waliotazamwa makwao. Wenzake Bowlby wa Tavistock walipomwuliza Mary kwa ukali anajuaje kwamba anachokiona ni uambatano, maswali yao ndiyo yaliyomlazimisha kuyapanga madaftari upya.

Mwaka 1963 alianza tena, safari hii Baltimore. Familia 26 kwa mara nyingine. Ziara 18 kwa kila nyumba tangu mwezi wa kwanza wa mtoto mpaka wiki ya 54, saa nne kila ziara, jumla ya saa 72 hivi kwa kila familia. Mkazo wake ulikuwa uleule, na jibu kubwa likawa lilelile. Mwaka 1972, yeye na Silvia Bell walionyesha kwamba watoto ambao mama zao waliwahi kuwajibu wanapolia miezi ya mwanzo, mwishoni mwa mwaka walilia kidogo kuliko wale walioachwa wanyamaze wenyewe. Neno la Watson lilipinduliwa nyumbani kwa Watson.

Jambo moja lilimtatiza. Mtoto wa Kiganda alilia mama akitoka tu chumbani. Mtoto wa Baltimore hakujali. Huyu alikuwa amezoea mama kuingia na kutoka siku nzima. Ili kuona kama fungo lilelile lipo, Mary aliona ni lazima aongeze ugeni kidogo. Ndipo yeye na Barbara Wittig walipobuni chumba cha ugeni: viti, vichezeo, kioo cha kuchungulia, vipindi vinane vifupi vya dakika kama ishirini kwa jumla. Mama na mtoto huingia. Mgeni huingia. Mama hutoka, hurudi. Mama hutoka tena na kumwacha mtoto peke yake, mgeni huja, kisha mama hurudi. Chumba hicho, ambacho leo ndicho kinachojulikana zaidi katika kazi zake zote, kilijengwa ili Baltimore isomeke kwa kipimo kilichopatikana Buganda.

Alichokigundua hakikuwa kwenye kutoka kwa mama, kilikuwa kwenye kurudi. Theluthi mbili hivi ya watoto walimwendea mama, wakatulizwa, wakarudi kwenye michezo. Wachache walimng'ang'ania huku wamekasirika, hawatulizwi. Na wengine walimpuuza. Walitazama kando na kuendelea na kichezeo kana kwamba hakuna aliyeingia. Watu wengi waliwaona hao wa mwisho kuwa watoto wenye kujitegemea. Mary aliyekuwa amesoma maandishi ya Robertson aliukumbuka ule utulivu wa wodini. Mwaka 1977 Alan Sroufe na Everett Waters walipopima mapigo ya moyo ya watoto wa aina hiyo, mioyo ilikuwa ikienda mbio.

Kitabu cha Uganda kilitoka mwaka 1967, miaka kumi na miwili baada ya safari. Cha Baltimore kilitoka 1978, na hicho ndicho kilichoshinda. Chumba cha ugeni kilikuwa rahisi kukinakili, nacho kikazunguka dunia kama muhuri. Mjini Bielefeld, Ujerumani, karibu nusu ya watoto walionekana wakwepaji. Sapporo, Japani, hakuna aliyekwepa, lakini waliolia wasitulizike walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa kuwa hawakuzoea kuachwa peke yao. Jerome Kagan wa Harvard akadai kwamba kinachopimwa ni tabia ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1988 Marinus van IJzendoorn na Pieter Kroonenberg walikusanya tafiti 32 za nchi nane, wakakuta tofauti za ndani ya nchi moja ni kubwa kuliko za kati ya nchi na nchi. Waliokwenda kijijini kama Mary alivyokwenda, na si kubeba chumba tu, walipungua.

Walikuwepo, hata hivyo, na wengine walikuja kwetu. Katika msitu wa Ituri, Kongo, Edward Tronick na wenzake waliwakuta watoto wa Waefe wakipitia mikono mingi tangu kuzaliwa, wakinyonyeshwa hata na wanawake wasiokuwa mama zao, na kabla ya miezi mitano wengi walikuwa wakitumia zaidi ya nusu ya muda wao na watu wengine. Sentensi ya Bowlby ya 1951 juu ya mama mmoja asiyekatika haikuwatosha. Kenya, Charles Super alikaa na Wakipsigis na kuonyesha mwaka 1976 kwamba watoto wa Afrika Mashariki hukaa na kutembea mapema, jambo ambalo Marcelle Geber alikuwa ameliona Kampala zamani zilezile za Mary, kwa sababu mama zao huwafundisha kukaa na kutembea kwa makusudi.

Mary Ainsworth alihamia Virginia miaka ya 1970, akafundisha kizazi kizima cha watafiti, akafariki Charlottesville tarehe 21 Machi 1999. Wale watoto wa mikekani, kama wapo, sasa wamepita miaka sabini.

Utafiti ninaorudi kuusoma mara nyingi ni mmoja mdogo wa Wakisii wa Kenya, uliochapishwa mwaka 1986 na Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman. Watoto walikuwa 26, idadi ile ile ya familia za Mary. Uchunguzi haukufanyiwa chumbani kwenye kioo. Ulifanyiwa nje, mbele ya nyumba ya mama. Robert LeVine alikuwa ameshaeleza kwamba mama wa Kisii hawana desturi ya kumkazia mtoto macho wala kumwongelesha sana, ila akilia humjibu upesi. Watafiti waliona kwamba zaidi ya nusu ya watoto walikuwa salama kwa mama zao, na vilevile kwa walezi wao wengine. Lakini ilibidi kwanza wajifunze kuona. Watoto wale hawakumkimbilia mama kumkumbatia kama wa Baltimore, wala hawakupiga makofi kama wa Buganda. Katika nyumba za Wakisii, mtu anayerudi humpa mtoto mkono. Ule mkono ambao Watson aliupendekeza ili mzazi na mtoto wasikaribiane mno, huku ndio uliobeba mapenzi yote. Mama alitoka, akarudi, na mtoto aliyekuwa salama alinyoosha mkono wake mmoja mbele, akauweka hapo hewani, akimsubiri.